Alhamisi ya Kurale

Mimi ndiye niliyemfundisha Deka Abdinoor transista ni nini, na sikuwa na transista hata moja ya kumwonyesha. Niliichora ubaoni kwa chaki: mstari, mshale, miguu mitatu. Hiyo ni miaka kumi na minane iliyopita, katika shule ya wasichana hapa Garissa, mimi nikiwa mwalimu mgeni wa fizikia kutoka Mwingi, mwanamke kijana, nimejaa bidii kama mtu asiyejua anakoenda. Niliwaeleza kwamba kuna vitu vinavyopitisha umeme, kama shaba, na vitu vinavyoukataa, kama mbao, na katikati yake kuna silikoni, ambayo hupitisha ikiamriwa na hukataa ikiamriwa. Nikawaambia dunia nzima ya leo, simu, benki, ndege, imesimama juu ya utiifu huo. Wasichana arobaini wakaandika. Deka akainua mkono akauliza, "Mwalimu Mutanu, tutaishika lini?" Nikamjibu kwamba vifaa vya maabara vimeagizwa. Mpaka leo bado vimeagizwa.

Sasa Deka ana miaka thelathini na minne, na katika mji huu simjui fundi mwingine mwenye mkono mtulivu kama wake. Sisemi hivyo kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wangu. Nasema kwa kuwa nimewaona wengine wakiunguza bodi za watu. Ana chumba cha mabati nyuma ya soko, meza ndefu, mita mbili, kichomeo cha kulehemu, lenzi ya kujifunga kichwani, na rafu zilizojaa maiti za mashine: televisheni, inveta, friji za sola kutoka zahanati za huko ndani, redio za watu wa kambi za wakimbizi za Ifo na Dagahaley. Hatupi kitu. Mteja akiingia mara ya kwanza humtazama, hutazama nyuma yake, kisha huuliza, "Fundi yuko wapi?" Zamani Deka alikuwa akijieleza. Siku hizi hunyoosha mkono tu, apokee mzigo.

Mimi hupita kwake nikitoka shule, tunywe chai, nimpe malalamiko yangu na yeye anipe yake. Yake ni mazito zaidi. Wanaounda mashine hizi hawajawahi kukaa Garissa mwezi wa Februari. Kwenye karatasi wameandika kwamba kifaa kitavumilia joto la digrii hamsini. Hamsini kivulini, au hamsini ndani ya sanduku la chuma lililopigiliwa juani tangu saa mbili asubuhi? Halafu kuna vumbi, ambalo huingia mahali ambapo hata hewa haiingii, na stima inayopanda na kushuka itakavyo. Kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha hufa, na pamoja nacho hufa mashine nzima. Ukitaka kingine, kiko Nairobi, kama kiko. Kama hakipo Nairobi, kiko China. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa nyoka ni wengi.

Niliyokusudia kusimulia yalianza siku ya Jumatatu, Februari iliyopita, katikati ya kiangazi kile ambacho wenyeji hukiita jilaal. Nilikuwa nimeketi kwa Deka na kikombe changu. Probox ikasimama mlangoni, akashuka mzee Duale, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Kurale, huku amekumbatia sanduku la chuma kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Kurale ni kijiji kilicho upande wa kaskazini, mwendo wa saa nne kwa gari barabara ikikubali. Kina kisima kirefu, pampu chini kabisa, na paneli za sola juu. Kati ya paneli na pampu kuna kontrola, yaani sanduku linalopokea nguvu ya jua na kuigawa kwa kipimo ambacho pampu inaweza kula. Hilo ndilo alilolileta. Limekufa siku nane.

Duale alisalimiana na Deka kwa Kisomali, wakaulizana hali za watu na mifugo, kisha kwa adabu yake akageuza Kiswahili ili mimi nisiachwe nje.

"Mwalimu, habari ya wewe? Wasichana nasoma?"

"Wanasoma, mzee."

"Haye. Hii mashine mimi nabigia simu watu ya Nairobi, hao nauza. Wao nasema usifungue, ngoja wiki sita, talete mpya. Mimi nauliza, mbuzi tangoja wiki sita? Mbuzi hana kalenda."

Deka alikuwa ameligeuza sanduku. Kwenye kiungo cha mfuniko kulikuwa na stika nyekundu ya waranti: ukiikata, kampuni haikujui tena. Alimwonyesha Duale kwa kidole. Duale akasema, "Kata, adeer." Kwa Wasomali adeer ni ami, na ami humwita mtoto wa kaka yake kwa jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye; Deka ni mtoto wa kaka yake wa ukoo. Deka akakata.

Ndani, transista sita kubwa zilikuwa zimekaa safu moja juu ya bati la kupozea. Zote zilikuwa zimepasuka, na ukuta wa nyuma una masizi. Alipima sehemu zilizobaki; bodi ya ubongo ilikuwa nzima. Sita tu. Ungezitia zote mfukoni mwa shati. Akapiga simu duka moja la Nairobi anakonunua kila mara, wakamwambia zipo, watazitia kwenye basi la kesho. Zingefika Jumatano asubuhi. Kuzilehemu ni kazi ya saa mbili.

"Sawa," Duale akasema. "Maji ya Kurale tatoka siku gani? Sema siku."

Deka alisita. Nilimwona akihesabu moyoni: basi, daraja la Tana ambapo mizigo hukaguliwa, duka, bodi. Na mimi, mwalimu mzima, nikiwa na chai mkononi na haraka ya kwenda kusahihisha madaftari, nikadakia, "Mwambie Alhamisi, mzee akapumzike."

Deka akacheka kidogo. "Alhamisi, adeer. Inshallah."

"Alhamisi," Duale akarudia, taratibu, akatoka.

Kwetu, kutoka Mwingi mpaka Mombasa, fundi akikwambia kesho, unajua amekusalimu tu. Fundi cherehani, fundi viatu, fundi gari, wote wana kesho yao, na wewe unaenda keshokutwa na hukasiriki sana. Nimeishi Garissa karibu miaka ishirini na bado sikuwa nimeelewa kwamba nyikani mambo hayaendi hivyo. Huko watu wawili wakikutana, kabla ya maji ya kunywa, kabla ya kukaa, wanapeana habari: mvua imenyesha wapi, majani yako wapi, kisima gani kina maji, ugonjwa uko upande gani. Habari hiyo ni mali. Hupokewa kama ilivyo na kupitishwa kama ilivyo, pamoja na jina la aliyeitoa, na watu huhamisha nyumba kwa neno hilo moja. Anayetoa habari ya uongo jina lake hufa, na hakuna anayemuuliza chochote tena. Deka analijua hilo tangu titi la mama. Lakini siku ile aliulizwa kama binti wa wafugaji, akajibu kama fundi wa mjini, kwa sababu mtu wa mjini mwenzake, yaani mimi, alikuwa ameketi pembeni akimsukuma.

Duale alipofika kwenye mnara wa simu wa kwanza, alipiga simu tatu. Jioni ile ile habari ilikuwa imekwenda kuliko basi lolote: Kurale, Alhamisi, maji, amesema Deka wa Abdinoor.

Mzigo ulifika Jumatano saa nne. Nilikuwa na vipindi viwili tu siku hiyo, nikaenda kuona. Transista sita ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, nyeusi, miguu inang'aa. Deka alizipima kwa mita, zikajibu vizuri. Angeweza kuishia hapo. Wengi huishia hapo. Yeye akachukua pamba, akachovya kwenye kisafishio, akasugua mgongo wa moja. Maandishi yakatoka na pamba. Chini yake kulikuwa na mikwaruzo ya msasa, na chini ya mikwaruzo, kama kovu, mabaki ya namba nyingine kabisa: kipande dhaifu cha bei ya chini, kilichokwanguliwa jina lake na kuandikwa jina la wakubwa. Akasugua ya pili, ya tatu. Nne kati ya sita zilikuwa bandia.

"Mwalimu," aliniambia bila kuinua kichwa, "hizi ningezifunga, pampu ingewaka dakika tano. Halafu ingekufa pamoja na bodi ya ubongo."

Alipiga simu dukani. Akaweka sauti ya nje ili mikono yake iwe huru. Yule muuzaji hakukana hata. Alisema, "Sister, hizo ndizo ziko soko. Original utangoja mwezi, na nani atanunua?" Kisha akauliza kama angependa arudishiwe pesa au achukue kitu kingine. Nilitaka kuingia ndani ya simu ile nimshike shati. Hivi ndivyo tunavyoishi sisi tulio mwisho wa njia. Kilicho kizuri kinaishia kwa wenye kukipima, na takataka inatufikia sisi ikiwa imepakwa rangi, kwa sababu wamehesabu kwamba huku hakuna mwenye pamba na kisafishio.

Kabla hatujamaliza kulaani, Duale akapiga. Walizungumza Kisomali, haraka, na nikauona uso wa Deka ukibadilika. Alipokata simu alikaa chini kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo huwa hakai.

"Watu wamehama," alisema. "Mabwawa ya upande wa mashariki yamekauka tangu wiki mbili. Walikuwa wanafikiria waende mtoni. Wamesikia Alhamisi, wamegeuza. Familia kumi na tisa, Mwalimu. Wako njiani tangu jana alfajiri. Kesho mchana watakuwa Kurale, na kwenye tangi maji yaliyobaki ni ya watu wa kijiji tu."

"Si uwapigie simu warudi?"

"Warudi wapi? Wako katikati. Na huko katikati hakuna mnara."

Ulimi wangu uliponza kichwa, lakini kichwa chenyewe kilikuwa cha mwingine.

Jioni ile kulikuwa na jambo jingine, na ndilo linalonifanya mpaka leo nikipita karibu na hoteli moja ya hapa mjini nitazame upande mwingine. Kampuni iliyouza kontrola ya Kurale, ambayo jina lake sitaki kuliandika, ilikuwa inatafuta mawakala wa kaskazini mashariki. Wakala angepewa mafunzo, namba za siri za kufungulia mipangilio ya mashine, na vipuri halisi moja kwa moja kutoka kwa waundaji. Deka alikuwa amelipigania jambo hilo mwaka mzima. Alipeleka vyeti, picha za kazi yake, barua tatu za zahanati. Alikuwa amechaguliwa. Ofisa wao, kijana mpole aitwaye Dancan, alikuwa ameshuka Garissa siku hiyo, na Alhamisi asubuhi mawakala walitakiwa kutia saini. Tukaenda kumtafuta hotelini.

Ukumbini walikuwa wametundika bango kubwa kuhusu Savana ya Silikoni, jina la kujisifia la teknolojia ya Kenya, na picha ya twiga amevaa miwani. Nilisimama nikalitazama. Savana yenyewe ndiyo hii tunayoikanyaga. Silikoni iko wapi? Chini ya bango kulikuwa na meza, na juu ya meza kontrola mpya kabisa ya maonyesho, ndugu pacha wa ile ya Kurale, imepanguswa mpaka inameta.

Deka alimweleza Dancan kila kitu kwa utaratibu. Akamalizia, "Naomba transista nne tu. Nitalipa. Au niazimeni hizi za ndani ya mashine ya maonyesho, nitazirudisha."

"Madam Deka," Dancan alisema, na kweli alionekana kuumia, "sisi hatuuzi vipande. Tunauza kifaa kizima. Hata mimi sijawahi kuona ndani yake."

"Hujawahi kuifungua?"

"Hairuhusiwi. Inafunguliwa kwa waliounda tu."

Kisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja. "Hiyo ya Kurale, wewe umeifungua?"

Mimi nilikuwa tayari kusema uongo kwa niaba yake, naapa. Deka akasema, "Nimeifungua. Ilikuwa imekufa."

Dancan alifunga faili yake polepole. Masharti yalikuwa ukurasa wa kwanza: wakala hajawahi kukata stika. Alitusindikiza mpaka mlangoni, akanong'ona, "Lakini dada, ungenyamaza tu." Sikujua nimshukuru au nimzabe kofi. Hebu fikiri. Ili upewe vipande halisi vya kutengeneza mashine, lazima uwe mtu ambaye hajawahi kutengeneza mashine. Nilitoka pale nikiongea peke yangu barabarani kama mwendawazimu, na Deka akitembea kando yangu, mkono mmoja umeshika ncha ya shela yake isipeperushwe.

Alhamisi baada ya swala ya alfajiri alinipigia. "Mwalimu, njoo unishikie taa." Shuleni niliomba ruhusa kwa kisingizio cha tumbo, dhambi ndogo. Nilimkuta amekwisha kuifungua inveta yake mwenyewe, ile kubwa inayoendesha chumba chote stima ikikatika, na stima hukatika kila siku. Ndani yake mlikuwa na transista nne nzuri. Hazikuwa na nguvu ya zile za Kurale, karibu nusu tu, lakini zilikuwa za kweli. Alizing'oa moja moja, akapuliza, akazifunga kwenye kontrola pamoja na zile mbili za Nairobi zilizokuwa halisi. Nilishika taa. Alipomaliza, chumba chake kilikuwa giza na mashine ya watu ilikuwa hai.

"Zitavumilia?" nilimuuliza.

"Nikizipa kazi yote, hapana. Nitachomoa safu moja ya paneli kati ya mbili, zipate nusu ya jua. Zitasukuma nusu ya maji. Labda."

Tuliondoka saa mbili na dereva wa ile Probox. Sitaielezea barabara, aliyepita anaijua. Tulifika Kurale saa saba mchana, na mifugo ilikuwa imekwisha kufika. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Mbuzi na kondoo waliosikia harufu ya hori kavu walikuwa wanalia wote kwa pamoja, ng'ombe wachache waliolala chini hawakuwa wakilia kabisa, na ngamia wamesimama nyuma kwa dharau yao, wakingoja. Watu wametulia. Hilo ndilo lililonitisha, walivyotulia. Walikuwa wameketi kwenye vivuli vyembamba vya miti ya miiba, wameelekeza nyuso kwetu, kwa sababu ilikuwa Alhamisi.

Deka hakumsalimia mtu zaidi ya salamu ya jumla. Alipanda kwenye fremu ya paneli, akachomoa safu moja, akaangika kontrola mahali pake, akaunga nyaya, akawasha. Kimya. Kisha mngurumo mdogo chini ya ardhi, kisha bomba likakohoa, likatema kutu, likatoa maji. Yalikuwa na unene wa kidole gumba. Watu wakasema alhamdulillahi, na mimi Mkristo wa kanisani kabisa nikasema nao.

Dakika arobaini baadaye mashine ikajizima kwa joto. Deka akaigusa, akarudisha mkono haraka. Akateremka, akamwomba Duale gunia na mtungi mmoja wa maji. Mtungi mmoja wa maji, mahali pale, mbele ya watu wale! Duale akavileta. Deka alilowesha gunia, akalifunga juu ya bati la kupozea, akasimama hapo juani akilimwagilia tone kwa tone. Baada ya robo saa ikawaka tena. Hivyo hivyo mpaka jua lilipolegea: dakika arobaini maji yanatoka, kumi na tano yanangojwa. Wanyama walinyweshwa kwa zamu, makundi madogo madogo, na zaidi ya nusu hawakufikiwa siku hiyo.

Ndipo Duale akaja na simu mkononi. Alikuwa amepanda kwenye kichuguu kimoja cha karibu, mahali pekee penye mtandao pale. Kulikuwa na watu wengine zaidi, mbali zaidi, waliosikia kwamba Kurale kuna maji na wanataka kujua wahame au wasihame.

"Deka, adeer. Watu nauliza. Niseme nini?"

Deka alikuwa amefunikwa vumbi, midomo imepasuka. Alitazama bomba. Alikuwa ameitoa inveta yake, ameutoa uwakala wake, amefanya kazi ambayo kampuni nzima ya Nairobi haikuthubutu kuifanya. Mimi ningesema maji yapo. Yalikuwapo!

"Waambie wasije," alisema. "Maji ni kidogo, mashine ni ya kubahatisha, inaweza kufa kesho. Waende mtoni. Sema ni mimi niliyesema."

Duale akarudi kichuguuni. Tukamsikia akipaza sauti, akilitaja jina la Deka.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama karibu nasi muda wote huo. Aliitwa Kaaha, mtu mzima, amebeba mwanambuzi mgongoni kwa kitambaa. Kisomali changu ni cha sokoni, lakini alichomwambia Deka nilikielewa neno kwa neno, kwa sababu alikisema polepole na bila hasira.

"Ungesema hivyo Jumatatu, ningeenda mtoni moja kwa moja. Wangu kumi na wanne wameanguka njiani."

Deka aliinamisha kichwa. Nikamwambia Kaaha, kwa Kisomali changu kibovu, kwamba kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyetaja Alhamisi. Alinitazama, akaitazama sketi yangu ya ualimu na viatu vyangu vyenye kisigino kifupi, kisha akamrudia Deka. Kwake mimi sikuwa nimesema lolote. Habari hutoka kwa mwenye jina.

Tangu siku ile Deka hataji siku. Ukimletea televisheni ukauliza itakuwa tayari lini, hukwambia, "Sijui. Nikipata kipande halisi nitakupigia." Wateja hawapendi. Mkono wake wa kushoto amefungua chumba fundi mwingine, Yakub, kijana mwenye maneno matamu na msasa usioisha, naye humwambia kila mtu kesho. Foleni iko kwa Yakub. Chumba cha Deka bado hakina inveta, kwa hiyo stima ikikatika hukaa na kungoja. Dancan alimpa uwakala mtu mwenye duka la simu ambaye hajawahi kukata stika yoyote. Nimemwambia Deka mara mia kwamba anajiumiza, kwamba mjini mtu husema kesho na dunia haiharibiki. Hunisikiliza mpaka mwisho, halafu huendelea na kazi yake. Nimekasirika naye, nimekasirika na Nairobi, nimekasirika na lile bango la twiga.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwake Duale alipopiga simu. Mashine ya Kurale ilikuwa imekufa tena. Safari hii hakugeuza Kiswahili kwa ajili yangu, lakini sauti ilikuwa wazi na swali lilikuwa fupi. Lini? Deka alikuwa na transista halisi njiani, ameahidiwa ziko bandarini, ameonyeshwa hata picha ya sanduku. Alinitazama. Nilijaza mdomo wangu chai.

"Adeer, sijui," alisema.

Duale akasema, "Waa hagaag, ni sawa. Nitawaambia hivyo hivyo." Kabla jua halijazama, familia za Kurale zilikuwa zimefunga mizigo na kushika njia ya mtoni, na Deka akaitoa vumbi redio ya mkono ya mteja wa pekee aliyebaki siku hiyo, bila kumwambia arudi lini.